Chungu cha Mgeni

Pacha wa Mwanamvua aligeuka manjano siku ya kupakia mzigo, na aliyemwona alikuwa mumewe peke yake.

Singano Shekimweri aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Akakifuta kwa kiwiko cha koti, akatazama tena. Jana alimwacha mwekundu, mnono, ametulia kwenye kitanda chake cha maji ya uvuguvugu. Leo kile kipande cha ini, kisichozidi punje ya harage, kilikuwa na rangi ya embe lililoanza kuiva, na maji yaliyokuwa yakitoka ndani yake yalikuwa na utusitusi.

"We mtoto," Singano alimwambia, "umekula nini?"

Swali la kipuuzi, maana aliyemlisha ni yeye mwenyewe. Alimpa dawa ya majani ya msheve, kutoka pipa lile lile alimochotewa pacha wa Shangazi Mwantumu, aliyekuwa kwenye kitanda cha jirani. Na huyo wa Shangazi alikuwa hana hata doa. Amekunywa, ameridhika, anadai nyingine.

Mtu wa mbali atauliza ini linafanya nini kwenye kioo. Basi ajue kwamba vidonge vya zamani vilipochoka, vijidudu vikawa vinavila kama njugu, watu waliyakimbilia majani. Na pale wagonjwa wanapokimbilia, matapeli huwa wameshafika. Masoko yalijaa unga wa chaki, unga wa matofali, unga wa Mungu ndiye ajuaye nini, vyote vimefungwa vizuri na kubandikwa picha ya jani. Watu walikufa hali wamelipia. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Kinywa cha Kwanza: anayetengeneza dawa lishe ya majani ndiye aanze kuinywa. Wala hainywi kwa mdomo, maana mdomo unaweza kutema. Ataichukua kwa ini. Chembe chache za mwili wake hutolewa chini ya ngozi ya mkono, hurudishwa utotoni huko maabara, kisha hulelewa mpaka ziwe ini dogo linalofanya kazi kama lile kubwa lililo tumboni. Hilo ndilo pacha. Kila mkupuo wa dawa ukishapikwa, pacha wa mtengenezaji hunyweshwa kwa haraka dawa ambayo mtu angeinywa mwaka mzima. Akibaki mwekundu, mzigo unatoka. Akigeuka manjano, mzigo unamwagwa, na mwenye kiwanda anajua kwamba kilichougua ni nyama yake.

Kwemvumo, huko juu kwenye milima ya Usambara, sheria hiyo waliipokea kwa vigelegele. Ilikuwa kana kwamba imetungwa kwa ajili yao. Wao msheve ndio mboga yao. Wanaula na ugali, wanautia kwenye uji wa mtoto, mzazi anapelekewa supu yake akiwa bado kitandani. Kidonda hakikai Kwemvumo, na hilo lilijulikana kabla ya mtu yeyote kuja na darubini. Shangazi Mwantumu alipofungua kiwanda cha dawa, maneno waliyoandika ukutani yalikuwa haya: Tunawapa tunachokula wenyewe. Watu walipita pale wakiyasoma kwa sauti, hata wale waliokuwa wanayajua kwa moyo.

Huyu pacha wa manjano, sasa, hakuwa shahidi wa kisheria. Alikuwa wa akiba. Pacha wa Shangazi alianza kuzeeka, na kanuni zinataka mrithi awe tayari. Shangazi hakuzaa. Chembe za Singano zilikataa kushika mara zote walipojaribu. Ndipo mkewe Mwanamvua, binti wa bondeni, Mzigua wa watu, akanyoosha mkono na kusema chukueni zangu. Zilishika papo hapo. Shangazi alicheka siku hiyo: "Wazigua bwana. Ukiwapa mahali pa kukaa, wanaota mizizi." Pacha akalelewa, na Singano akawa anampa dawa kidogo kidogo ili azoee kazi. Mkupuo huu ndio wa kwanza aliompa kipimo kamili.

Alichukua tone la dawa, akaliweka kwenye kipimo cha nuru, mashine inayosoma kila kilichomo ndani ya tone. Haina madini mazito. Haina ukungu wa ghalani. Haina sumu ya shamba wala mchanga. Usafi wake ulikuwa wa kuringia. Akarudia, jibu likawa lile lile.

Alikaa kwenye kiti akaisikiliza pampu. Nje watu walikuwa wanapanga makreti, na dereva wa lori alikuwa anawahimiza. Mzigo huu ulikuwa unashuka bondeni, kwenye hospitali iliyojaa watu wa homa ya vidonda. Mmoja wa watu hao alikuwa mama mkwe wake, mwenye mguu uliokwaruzwa na bati na ukakataa kupona. Sheria haimwulizi pacha wa akiba. Singano angezungusha koki moja tu, pacha angezimika, na angesema chembe hazikushika, kama zake zilivyokataa. Jioni mama mkwe angekuwa na dawa mkononi.

Hakuizungusha. Lakini hakwenda kusema pia. Alikwenda nyumbani kula.

*

Mwanamvua alikuwa uani anamenya viazi, na Hoza, mtoto wao, alikuwa anagombea maganda ya viazi na kuku. Simu ilikuwa juu ya kigoda, karibu na mkono wake, kama ilivyokuwa tangu mama yake alazwe.

"Nesi amepiga," alisema bila kuinua kichwa. "Mguu umeanza kunuka. Mzigo unashuka leo?"

"Gari lipo."

"Sikukuuliza gari, Baba Hoza."

Singano alitazama mikono ya mkewe. Mkono mmoja ulikuwa na kisu, na mwingine ulikuwa unajikuna kwenye kiwiko. Alikuwa akijikuna hivyo kwa muda mrefu, na mumewe alishazoea kuona, kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Leo ule mkuno ulimshtua. Alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akamtazama macho. Weupe wa macho yake haukuwa mweupe.

"Unanitazama nini?"

"Unawashwa tangu lini?"

"Tangu nizae Hoza. Na mdomo mchungu asubuhi. Nilidhani ni uzazi." Akaweka kisu chini. "Kuna nini?"

Akamweleza. Alianza kwa kuzunguka, halafu akaona anazunguka bure, akasema wazi. Mwanamvua alisikiliza mpaka mwisho na mikono yake imelowa maji ya viazi.

"Wa Mama je?" Mama ndivyo alivyomwita Shangazi Mwantumu, aliyemlea mumewe.

"Mwekundu."

"Na wangu manjano."

"Ndiyo. Lakini wako ni wa akiba, sheria haimtaki. Nikinyamaza, mzigo unatoka leo hii."

"Nimekusikia." Alifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. "Yule si wa akiba, Baba Hoza. Yule ni mimi. Na mama yangu ndiye aliyenizaa mimi. Kilichonigeuza mimi manjano, kitamfanya nini yeye na uzee ule?"

"Mguu unanuka, Mama Hoza. Umesema mwenyewe."

"Najua nilichosema."

Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha. Bila dawa mguu ungemla mama yake. Na dawa yenyewe ingeanzia tumboni. Singano alitamani mkewe amwambie nyamaza, akafanye tu, ili mzigo wa dhambi wagawane. Alijua ni tamaa mbaya, lakini alikuwa nayo. Mwanamvua alimbeba Hoza kiunoni, akachukua simu, akavaa kandambili.

"Twende kwa Mama," alisema. "Kama mzigo unashuka, ushuke yeye akijua."

*

Mwantumu Shekimweri alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi wa pale, na alivaa kanga juu ya koti la maabara, sijui kwa ajili ya baridi au kwa ajili ya heshima. Miwani yake aliifunga kwa uzi. Kemia aliisoma nchi za mbali, akapewa kazi huko, akaikataa, akarudi kupika majani kijijini watu wakimcheka. Ulimi wake ulikuwa mkali, na watu waliuogopa, lakini wakipata kitu cha kuwaumiza kichwa walikwenda kwake kabla ya kwenda kwa ndugu zao. Kuna msimu aliumwaga mkupuo mzima kwa sababu alisikia harufu ya ukungu ambayo hata kipimo cha nuru kilikuwa hakijaisikia. Wakulima walilia. Siku iliyofuata ukungu ukaonekana kwenye magunia, na hakuna aliyemsikia Mwantumu akisema niliwaambia. Alichosema ni kwamba ghala lijengwe upya, na akawa wa kwanza kubeba tofali.

Mtu wa namna hiyo ndiye Singano alikuwa anaenda kumwambia kwamba kazi ya maisha yake ina doa.

Walimkuta kwenye sakafu ya kupakia, anagombana na dereva kuhusu turubai. Singano alimwomba waingie ndani. Akamwonyesha pacha. Shangazi alisimama mbele ya kioo mikono nyuma, akatazama kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti akakaa.

"Nuru inasemaje?"

"Safi kabisa, Shangazi. Nimepima mara mbili."

"Basi hapo ndipo pabaya," alisema. "Ingekuwa uchafu ningeshukuru. Uchafu tungeuchuja, twende zetu. Hii ni dawa yenyewe inayoumiza."

Singano alimwonea huruma, na huruma ikamponza. "Labda nimemlea vibaya. Pengine maji yalipoa."

"Umemlea vibaya?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi usinipe zawadi ya uongo. Sina pa kuiweka." Hakusema kwa hasira. Akageuka. "Mwanamvua, njoo hapa mwanangu. Kwenye mwanga. Fungua macho."

Alimshika kidevu, akamtazama jicho hili na lile, akamtazama viwiko vilivyochubuka. Uso wake ukabadilika. Singano hakuwahi kumwona Shangazi akiogopa, na mwanzoni hakujua anachokiona ni nini.

"Tangu lini?"

"Tangu nizae Hoza, Mama."

"Na ulipokuwa mwali hapa, kabla ya kuzaa, ulijikuna?"

"Hata siku moja."

Shangazi alimwachia kidevu. "Kabla ya Hoza ulikuwa unakula chungu gani?"

"Chungu cha mgeni, Mama."

Kwemvumo kuna vyungu viwili vya msheve. Chungu cha nyumba hupikwa maji yake yote yakabaki, mboga ikatoka nyeusi na kali. Chungu cha mgeni huchemshwa maji ya kwanza yakamwagwa, ya pili yakamwagwa, ya tatu ndiyo yanayobaki. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia ni adabu, mgeni halishwi ukali. Bibi harusi kutoka nje hula chungu cha mgeni mpaka azae. Siku anapotoka uzazini, mkubwa wa nyumba humshika mkono mbele ya ndugu na kumpakulia kutoka chungu cha nyumba, na kuanzia hapo hakuna wa kumwita mgeni tena. Mwanamvua alipakuliwa na Shangazi Mwantumu mwenyewe. Siku ile alilia kwa furaha, maana alitoka mbali na alikuwa mpweke.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unawashwa?" Shangazi aliuliza.

"Ningesemaje, Mama? Ulinishika mkono mbele ya watu wote. Ningesema chungu chenu kinaniwasha?"

Pampu iliendelea kusukuma maji yake. Shangazi Mwantumu alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Nimesoma kemia mpaka nikaota mvi," alisema. "Nimepima jani hili kwa kila mashine waliyonayo duniani. Na nilipofika kwenye kulipika, nikapika chungu cha nyumba, kwa sababu niliona aibu kuwauzia watu dawa iliyomwagwa maji. Nikasema wapewe kilicho kamili, kama sisi. Kumbe sisi tumekula jani hili vizazi na vizazi, na maini yetu yamerithi namna ya kulizoea. Halafu nikamweka nani awe shahidi? Nikajiweka mimi." Akaelekeza kidole kwa pacha wake mwekundu. "Huyu bibi angekunywa hata mafuta ya taa ya msheve akasema Alhamdulillahi."

"Hoza je?" Mwanamvua aliuliza, mkono umemshika mtoto kwa nguvu.

"Hoza ana macho meupe kama maziwa, amechukua ya baba yake. Lakini atapimwa leo, na wewe utapimwa leo, na kuanzia mchana huu unakula chungu cha mgeni. Hiyo haikuondoi nyumbani kwangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Shangazi alisimama, akafunga kanga vizuri, akafungua dirisha. "Dereva," aliita, "zima gari."

*

Kazi ya mchana ule na asubuhi iliyofuata watu wa Kwemvumo bado wanaisimulia. Shangazi aliwaita akina mama wanaopika harusi, wale wenye mkono wa chungu cha mgeni, akawaingiza kwenye chumba cha matanki na viatu vyao vya matope. Mmoja akaonyesha maji ya kwanza yamwagwe yakifika rangi gani, mwingine akabisha, wakakubaliana. Shangazi akageuza ubishi wao kuwa joto na muda, akaufungia kwenye mitambo. Maji yaliyomwagwa aliyaweka chini ya nuru, na humo akakiona alichokuwa anakitafuta: kitu kichungu, chepesi, kinachopenda maji, ambacho kipimo kilikuwa kikikihesabu siku zote kama sehemu halali ya jani. Singano alichukua kipande cha pili kilicholelewa kutokana na chembe za mkewe, kilichokuwa bado hakijaonja kitu, akakinywesha dawa mpya.

Katikati ya hayo simu ililia. Alikuwa Daktari Mgaya wa hospitali ya bondeni.

"Bi Mwantumu, shikamoo. Mzigo wangu uko wapi?"

"Marahaba. Mzigo wako nimeusimamisha." Akamweleza yote, hakupunguza kitu, na alisema kwa jina lake mwenyewe.

Daktari akasema kwa sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri. "Mama, nina watu hapa hawatafika keshokutwa. Ini likiumia nitahangaika nalo. Maiti sihangaiki nayo. Nipe hiyo hiyo uliyonayo."

"Na waliokwisha kuinywa? Ule mzigo wa kwanza uliokuja kwenu?"

"Wapo wawili watatu waliogeuka manjano macho. Nilidhani ni homa."

Singano alimwona Shangazi akishika ukingo wa meza. Alidhani atakaa, lakini alibaki amesimama. Alitembea kutoka dirishani mpaka kwenye vitanda vya pacha, akarudi. Mwanamvua alikuwa pembeni na mtoto, na kila mtu mle ndani alijua mama yake ni mmoja wa wanaosubiri, na hakuna aliyethubutu kulitaja.

"Shangazi," Singano alisema mwishowe, "tukizuia yote, angalau hatutakuwa tumemuua mtu."

"Tutakuwa tumewaacha wafe wakati dawa imekaa hapa kwenye kreti. Mikono yangu itabaki safi, na usafi huo utakuwa wa nani? Wangu mimi tu." Akavua miwani, akaifuta. "Na nikiipeleka nikanyamaza, nitakuwa tapeli kama wale wa chaki, tena mimi nina mashine. Wataambiwa. Hakuna njia nyingine ninayoiona. Mgonjwa aambiwe, achague, na kama hawezi kusema, aambiwe ndugu yake."

Mchana wa siku ya pili walisimama wote mbele ya kioo. Pacha mpya wa Mwanamvua alikuwa amekunywa mwaka wake mzima. Alikuwa mwekundu. Singano alimwangaza kwa taa pande zote akitafuta hata kivuli cha manjano, hakukiona, akajiegemeza ukutani. Mwanamvua aliweka kiganja kwenye kioo, akakiacha hapo.

Ila hapakuwa na miujiza. Kwenye sahani za vijidudu, dawa ya chungu cha mgeni iliua, lakini iliua taratibu, na majani yaliyokuwa yakijaza kreti nzima sasa yalijaza pungufu ya nusu. Ndipo Shangazi akagawa. Dawa kali ilifungwa vifuniko vyekundu, ipewe wale tu ambao hawana muda, baada ya kuambiwa wazi, na damu yao ipimwe kila asubuhi. Dawa iliyomwagwa maji ilifungwa vifuniko vyeupe, kwa wote wanaoweza kusubiri. Daktari Mgaya alikubali. Alisema tangu aanze kazi hakuna mwenye kiwanda aliyewahi kumwambia ubaya wa dawa yake kabla hajaulizwa.

Lori lilipoondoka, Shangazi aliketi mbele ya kipaza sauti cha redio ya milimani, inayosikika mpaka bondeni. Singano alidhani atasoma taarifa. Hakuwa na karatasi.

"Mimi ni Mwantumu Shekimweri wa Kwemvumo, mpika dawa," alisema. "Kama ulikunywa dawa yangu na wewe si mtu wa huku juu, nenda kapime ini lako leo. Kama unawashwa, kama mdomo ni mchungu, usiseme ni uchovu. Kosa ni langu. Dawa ilikuwa safi, na kwa ajili ya usafi wake nikajivuna nikasahau kuuliza ni salama kwa nani. Niliwalisha wageni kama wenyeji nikidhani ndiyo heshima. Gharama ya kupimwa na kutibiwa iko juu ya kiwanda, na kiwanda kisipotosha, iko juu ya nyumba yangu. Mtakaotaka kunilaumu, njia ya kuja kwangu mnaijua."

Akazima. Singano alikuwa amempenda mwanamke huyu tangu alipokuwa mtoto asiye na mama, na alidhani amempenda kiasi chote kinachowezekana. Aligundua kwamba hajafika mwisho.

Walirudi chumba cha vitanda. Shangazi alimtazama pacha wake mzee, yule mwekundu asiye na doa.

"Mtoe kwenye kiti cha shahidi," alisema. "Kuanzia leo anayekaa hapo ni mgeni. Wakitunga sheria waitunge, wasipotunga sisi tumeshaanza."

"Nimzime?"

"Umzime alikukosea nini? Alisema kweli yake. Mhamishie dirishani, aone milima." Na kweli Singano alimhamishia dirishani.

*

Jioni simu ya Mwanamvua ililia. Nesi alikuwa anampa mgonjwa aongee mwenyewe, maana mgonjwa alikuwa amekataa dawa. Mwanamvua alisikiliza kidogo, akamkabidhi mumewe. "Anakutaka wewe," alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?" Sauti ilikuwa ndogo, lakini ya mtu mwenye akili zake. "Nimemsikia shangazi yako redioni. Wadi nzima imemsikia. Wengine wamemtukana, wengine wamemwombea. Sasa hapa nimeletewa ya kifuniko cheupe. Daktari anasema mguu utasubiri."

"Ndiyo, mama. Hiyo ndiyo yako."

"Ile ya kwanza mlisema ameonja mwenyewe mpishi, na bado haikufaa. Hii nani ameionja?"

Singano alimtazama mkewe. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kile kile, Hoza amelala mapajani, bakuli la msheve wa chungu cha mgeni liko pembeni yake, na mkono wake haukuwa unajikuna.

"Mwanao, mama," alisema. "Nyama ya Mwanamvua ndiyo imeionja, kipimo cha mwaka mzima."

Upande wa pili palisikika sauti za wadi, mtu anakohoa, kitanda kinasukumwa.

"Na yuko salama?"

"Nimemwangalia kwa macho yangu, mama. Yuko salama."

"Haya," alisema mama mkwe, kisha sauti ikaondoka kwenye simu, akawa anamwambia mtu aliyesimama karibu naye. "Nesi, niletee maji, niinywe hiyo dawa."